Mpunga Uliokuwa Ndani ya Mashine

Nilipewa kazi ya kuzifanya kompyuta tatu zile kutoka sahani moja. Ndivyo Directeur alivyoieleza siku ya kwanza, naye hakuwa mtu wa mzaha. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya zamani pale Bukavu, kwenye mteremko unaotazama ziwa, yenye vyumba vinne na kistoo kimoja kilichowahi kuwekewa viazi. Tulishughulika na kilimo cha uwanda wa Ruzizi. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Zaire. Directeur alikuwa ameanza tena kuvaa kravati baada ya miaka mingi ya abacost, lile koti la serikali lisilovaliwa na tai, na kila mwenye mdomo alisema mambo yatabadilika. Yalibadilika kweli, lakini si kwa namna tuliyoiomba.

Mimi nilikuwa nimesomea mashine hizo miezi sita Bujumbura, nikarudi na cheti kimoja na kiburi cha vyeti kumi. Niliweka kompyuta ya nne kistooni, yenye diski kubwa, nikatia kufuli mlangoni. Zile tatu za maofisini hazikuwa na diski zao. Ziliwashwa kwa disketi, kisha zikaenda kuchota kila kitu kistooni kupitia kebo nyeusi niliyoipigilia ukutani kwa misumari. Barua, ripoti, orodha za wakulima, vyote vilikaa mahali pamoja. Kwa Kifaransa kitu hicho ni serveur, lakini wenzangu waliita depo, na jina likakaa.

Watu wanadhani kufunga mtambo wa namna ile ndiyo kazi. Kuufunga ni siku mbili. Kazi ni kuulea. Kebo ile ilikuwa na kizibo kidogo cha chuma kila mwisho, na ukikitoa kimoja tu, mashine zote zinasahau kwamba zinajuana. Mlinzi wetu alikitoa mara mbili, akidhani kimesahauliwa na fundi, akaniletea mezani kwa adabu kubwa ya mtu aliyeokota cha mwenzake. Panya walitafuna kebo. Vumbi la kiangazi liliingia hata mahali ambapo hewa haikuingia. Umeme ulikuja na kwenda, na ulipokuja ulikuja kwa nguvu isiyopimika, ndiyo maana kati ya ukuta na depo niliweka onduleur, yaani lile sanduku la betri linalokupa dakika kumi za kuzima mashine kwa heshima. Betri yake ilikufa mwaka wa pili. Tuliituma Bujumbura ikatengenezwe, na hadi leo sijui iliishia wapi.

Aliyenifanya niandike haya ni mzee tuliyemwita Papa Agronome, bwana shamba wetu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kuvaa ndala mjini na viatu vizuri shambani, kinyume cha watu wote ninaowajua. Kwa misimu kumi na moja alikuwa akijaribu mpunga kule Luberizi. Ugonjwa wa majani ya njano ulikuwa umeingia uwandani: shamba linakua kijani kibichi, baada ya wiki chache limebadilika rangi lote, na suke ukilibonyeza halina kitu ndani. Mzee alikusanya mbegu arobaini na moja kutoka kwa wakulima, akazipanda, akazitazama zikiugua, akazipanda tena. Kati ya zote, tatu zilisimama. Ugonjwa ulipita katikati yake na zikazaa. Hakuna jambo duniani alilolitaka zaidi ya kuzifikisha mbegu hizo tatu mashambani mwa watu kabla hajastaafu.

Sasa ngoja nieleze utaratibu wake, maana hapo ndipo penye shida. Magunia yote arobaini na moja, kila mbegu na lake, yalikaa katika ghala la kukodi pale Luberizi, na mzee hakuandika juu yake jina wala sifa. Alisema ukiandika "nzuri" juu ya gunia, msimu ujao hulikuti: limeliwa na mlinzi, au na shemeji wa mlinzi, au na mkubwa fulani aliyepita na gari. Kwa hiyo aliandika namba tu, na kila msimu alizichanganya upya, ya tano ikawa ya thelathini, ya thelathini ikawa ya pili, ili hata aliyekariri za mwaka jana apotee. Punje za nyingi zilifanana, na maelezo ya namba ipi ni mbegu ipi yalikuwa katika madaftari yake peke yake. Hata yeye hakuyakariri, na alifanya hivyo kwa makusudi. Alipenda kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na alijua mdomo wake ukishalowa unavyokuwa.

Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia madaftari yanaliwa na mchwa na unyevu, lakini depo hailiwi na kitu. Alisita wiki nzima, kisha akakubali, na Maman Secrétaire akaanza kuandika. Huyu alikuwa mjane wa Cimpunda, mtaa mmoja wa Kadutu, mwenye vidole vyepesi kuliko vya mtu yeyote katika ofisi ile. Mzee alisoma kwa sauti, yeye akapiga, msimu baada ya msimu, kwa muda wa miezi miwili. Walipomaliza, Papa Agronome alinyanyua daftari la kwanza akaniuliza haya tuyafanyie nini. Nikasema karatasi haina kazi tena. Nilisema hivyo mbele ya watu, nimesimama, mikono mfukoni.

Karatasi ilikuwa adimu mjini wakati ule. Kuichapa ile orodha hakukuwezekana, kwa sababu karatasi za mashine zilikuwa za ripoti za Directeur tu. Huko Kadutu sokoni, wanawake wanaouza karanga walikuwa wakitafuta hata magazeti ya mwaka juzi kwa kufungia. Mke wa mlinzi wetu wa ofisini alikuwa na meza yake huko, basi madaftari kumi na moja yakaondoka naye kichwani. Mzee alifurahi kwamba yamemsaidia mtu.

Msiniite mjinga moja kwa moja. Kila Ijumaa nilinakili kila kilichokuwa ndani ya depo kwenye disketi kumi na mbili, na Maman Secrétaire alizibeba kwenda nazo kwake, maana nakala ya akiba haifai kulala nyumba moja na mashine yenyewe. Hilo nililijua. Juu ya meza yake nilibandika masharti: disketi isiguse maji, isiingie vumbi, isianikwe juani, isikunjwe, isitiwe kidole. Aliyafuata kuliko mimi mwenyewe. Seti ya pili ya disketi ilikuwamo katika mpango wangu wa kazi, kabatini haikuwamo.

Kisha hofu ikaingia mjini. Tulisikia ofisi za miji mingine zimeingiwa na watu wenye silaha, vitu vimebebwa, hadi milango na masinki. Nikaamua disketi zisitembee njiani tena mpaka hali itulie. Ijumaa hiyo nilinakili, nikazikagua moja moja, zote nzima, nikamkabidhi Maman na kumwambia azifiche mahali ambapo mwizi hawezi kuweka mkono.

Jumatatu alinieleza mahali penyewe. Marehemu mume wake alikuwa mpenda muziki, akaacha baffle, spika kubwa ya mbao inayomfikia mtu kiunoni. Ilinyeshewa paa lilipovuja, ikapasuka, na haikutoa sauti tena. Katika nyumba nyingi za Kadutu utaikuta baffle ya namna hiyo sebuleni, juu yake kitambaa cheupe cha kufumwa kwa mkono na picha za familia, iwe inaimba au haiimbi. Yeye alifungua ubao wa nyuma, akaingiza disketi zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaziegemeza vizuri zisianguke, akafunga tena.

"Redio njo banaiba," aliniambia. "Baffle yenye ilikufa, nani ataibeba? Tena mule hamuna mayi, hamuna vumbi, hamuna jua."

Nilimsifu. Niliwaambia wenzake kwamba kama wote wangekuwa na akili ile, nchi hii ingekuwa mbali.

Wiki ya tano, alasiri moja ya mvua, taa za ofisi ziliwaka nyeupe kupita kiasi. Sikuwahi kufika kistooni. Taa zilizimika, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka chini ya mlango kabla sijapata ufunguo. Umeme uliporudi niliiwasha depo. Diski ndani yake iligonga mara tatu, ikanyamaza, ikagonga tena mara tatu. Niliifungua, nikaipuliza, nikaitikisa karibu na sikio, mambo ambayo hakuna aliyenifundisha Bujumbura.

Papa Agronome alikuwa amesimama mlangoni. Siku hiyo alikuwa amekuja kuchukua namba zake tatu, kwa sababu msimu wa kupanda ulikuwa umekaribia na wakulima walikuwa wameshaahidiwa mbegu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, tulichopoteza ni barua za wiki tano tu, kesho asubuhi namba zitakuwa mkononi mwake. Akasema vizuri, akaketi kidogo, akaenda zake.

Kesho yake Maman alileta mfuko. Nilitia disketi ya kwanza katika mashine moja ya mezani; ikakoroma, ikaandika kwamba haiwezi kusoma. Nikatia ya pili. Maman alisimama nyuma yangu, kila moja akiipangusa plastiki yake kwa pindo la kitenge kabla ya kunipa. Nilipofika ya saba nilikuwa nimeshajua, lakini niliendelea hadi ya kumi na mbili, kisha nikaanza upya kutoka ya kwanza. Mzee alikaa kwenye kiti cha wageni muda wote huo, kofia magotini.

Nikamwambia Maman twende kwake. Tulipanda Cimpunda kwa vile vijia vya mteremko, udongo umelowa, tukishikana mikono ili tusianguke. Ndani ya baffle palikuwa pakavu na safi kuliko ofisini kwetu. Maman aliinama anionyeshe mfuko ulikokuwa umeegemea, na funguo za nyumba alizozishika zikavutwa kutoka vidoleni zikanata nyuma ya spika. Alizibandua. Alipolegeza mkono zikarudi palepale.

Spika ilikuwa imekufa, lakini sumaku yake ilikuwa nzima. Disketi huandikwa kwa sumaku, na sumaku kubwa ikikaa karibu nayo huifuta. Mwalimu wetu wa Bujumbura alituambia hilo siku ya kwanza kabisa. Nilipokuwa nikiandika masharti ya kubandika, nililikumbuka, nikaliacha. Nilijiuliza mjane wa Cimpunda atapata wapi sumaku, nikaona nitajaza karatasi bure.

Maman alizitazama funguo zake, kisha akanitazama mimi.

"Ulituambia mayi, vumbi, jua," alisema. "Hii haukusema."

Nilifunga ubao, nikarudisha kitambaa na picha juu yake kama vilivyokuwa, tukashuka.

Directeur alitaka maelezo kwa maandishi. Niliyapiga mwenyewe kwa taipureta, na sentensi ya nne ilisema disketi zilihifadhiwa vibaya nyumbani kwa sekretari. Ukiichunguza, si uongo. Ni mimi niliyeipiga na ni mimi niliyetia sahihi, na Maman akapewa barua ya onyo ambayo hakuijibu. Aliendelea kunisalimu kila asubuhi, "Jambo, Monsieur," sauti ileile, na nilikuwa nachelewa kufika kazini makusudi ili nisisikie. Nimekuwa mwoga mara nyingine maishani, lakini ile naiona aibu hadi leo.

Mzee hakupiga kelele. Alinichukua tukaenda Kadutu sokoni. Mke wa mlinzi alipotusikia alicheka, kisha akauona uso wa mzee akaacha. Karatasi zile zilikuwa zimekwisha zamani, alisema, lakini wenzake waligawana, labda mmoja ana baki. Tulizunguka meza hadi meza tukifungua vifungio: hesabu za watoto wa shule, magazeti, kurasa za katalogi ya nguo. Tulinunua karanga nyingi kuliko tulivyoweza kula ili turuhusiwe kutazama karatasi. Mwandiko wa mzee hatukuuona popote.

Njiani akiwa anateremka polepole, alinieleza mpango. Tutapanda yote arobaini na moja upya. Ugonjwa wenyewe utachagua kama ulivyochagua mwanzo. Utachukua misimu miwili, labda mitatu, lakini utasema. Aliongea kama mtu anayepanga safari aliyokwishaifanya. Kwa siku kadhaa nililala vizuri.

Halafu wafadhili wetu wakaandika kwamba wanasimamisha kazi zao nchini. Mkataba wa ghala la Luberizi haukuongezwa, na Directeur akaamuru magunia wagawiwe vibarua wa kule. Papa Agronome aliposikia alishuka na lori kwa njia ya Ngomo, ule mteremko wa kushukia uwandani, akasafiri juu ya mizigo na umri ule. Alikuta watu wameshapanga foleni na masufuria. Aliwaomba wangoje asubuhi moja tu. Alichota kutoka kila gunia mbegu za kujaza kopo moja la maziwa, akafunga kila kopo katika kitambaa chake na namba yake, akarudi Bukavu na vifurushi arobaini na moja ndani ya sanduku la bati. Magunia yaliliwa. Siwalaumu, wale watu walikuwa na watoto.

Bukavu ni baridi mno kwa mpunga ule. Mzee hakuwa na shamba uwandani, na ofisi iliyokuwa ikimpeleka ilikuwa imefungwa. Alitafuta mtu wa kumwazima hata kipande cha shamba kule. Aliyepatikana alitaka mbegu ya kuvuna, si ya kuuguza. Kisha njia ya kushukia ikawa na vizuizi vya watu wenye silaha, madereva wakakataa. Msimu ukapita, wa pili ukapita. Nilikuwa nikimkuta njiani, nami nilimwuliza afya, sikumwuliza sanduku. Msimu wa tatu nao ukapita.

Jumapili moja baada ya misa alinituma mtu. Nilimkuta Kadutu, nyumbani kwake, katika chumba cha mbele ambacho meza na sakafu vilikuwa vimejaa visahani na vifuniko vya masufuria. Katika kila kimoja palikuwa na kitambaa kibichi, na ndani ya kitambaa mbegu ishirini. Alikuwa amezilowesha siku kumi na mbili zilizopita, akizinyunyizia maji asubuhi na jioni. Alisema macho yake hayaoni tena vitu vidogo, kwa hiyo alitaka mtu mwingine atazame.

Nilipiga magoti. Nilikunjua kitambaa cha kwanza, nikatafuta ule mkia mweupe unaotoka mbegu inapoamka. Palikuwa na ukungu na harufu ya kuoza. Nilikunjua cha pili na cha tatu. Mzee aliketi akisikiliza, na kila nilipofunga kimoja nilisema namba yake kwa sauti, kisha nikasema hapana. Nilifika arobaini na moja. Nilirudia kumi vya mwanzo, kwa tabia yangu ileile.

"Hata moya?" aliuliza.

"Hata moya, Papa."

Basi nikamwambia. Nilimweleza yale masharti na lile nililoliacha, na kwa nini niliacha. Nikamweleza funguo za Maman, na sentensi ya nne, na sahihi yangu. Nilisema yote nikiwa bado nimepiga magoti, kwa sababu sikuona namna ya kusimama. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza sumaku yenyewe ilikuwa na ukubwa gani. Nilimwonyesha kwa mikono, na yeye akatikisa kichwa akatazama mikono yangu ikiwa bado hewani.

Mama wa nyumba, mke wa mzee, alikuwa ametusikia kutoka uani. Aliingia, akachukua lile sanduku la bati lililokuwa na mbegu zilizobaki, akatoka nalo bila kuuliza. Inaonekana walikuwa wameshapatana wawili wao. Tulimsikia akifungua vifurushi kimoja kimoja na kumimina. Baadaye tukasikia mchi. Nilitaka kuaga, lakini huwezi kuondoka katika nyumba ambamo chakula chako kinatwangwa. Tulikaa. Mzee aliniuliza habari za kazi yangu mpya, nami nikamjibu.

Wali uliletwa na maharagwe. Ulikuwa mwekundu mahali pengine na mweupe mahali pengine, punje ndefu na fupi pamoja. Papa Agronome alisali, akanawa, akatafuna tonge la kwanza muda mrefu, na la pili vilevile. Nilimtazama kinywa chake nikashindwa kujizuia, nikamwuliza kama anaisikia ladha ya zile tatu.

"Hapana," alisema. "Lakini iko mule. Ile tatu yote iko mu hii sahani. Kula, mutoto yangu."

Nilikula. Sahani yangu ilipokwisha, mama aliniuliza kama aniongeze, na mzee akajibu kabla yangu kwamba aniongeze.